Dondoo muhimu: Saa ya mfukoni uliyoachiwa na babu
Usiisugue kwanza. Fungua kifuniko cha nyuma kwa ukucha, si kwa kisu. Humo, alama ya ndege mdogo na namba 0,800 ni ya madini ya fedha ya Uswisi; kichwa cha nguruwe mwitu ni muhuri wa Ureno wa 1887 hadi 1937. Kwa saa ya Waltham au Omega, mwaka wa kutengenezwa hutafutwa kwa namba iliyo kwenye mashine, si ya kasha. Jina Roskopf lisikutie tamaa: tangu 1867 zilikuwa saa za bei nafuu, na za kuiga ni tele. Kisha waulize wazee wa Pundanhar, Cabo Delgado: babu alitumikia kampuni ya Kireno, Companhia do Niassa, iliyotawala huku hadi 1929, au aliitoa ng'ambo ya mto Ruvuma kwa Wajerumani? Andika majibu yao, hata yakipingana.