SOMO LA KAZI YA MIKONO: Karti ya Noeli inaanzia kwa mwenye kuipokea



Kila mwaka mwezi wa kumi na mbili ukikaribia, wengi wetu tunashika krayo na kuanza kuchora karti za Noeli na Bonane. Tunachora vitu vilevile: nyota, mshumaa, na miti yenye kufunikwa na theluji. Hapa kwetu Kongo theluji iko juu kabisa ya milima ya Ruwenzori tu, lakini kwenye karti zetu inaanguka juu ya kila nyumba! Juu ya nini? Juu tunaanza na picha tuliyoona kwenye karti ya mwingine. Katika somo hili tunataka kuonyesha njia nyingine: kuanza na mtu atakayeipokea.

1. Mfano wa zamani

Mwaka 1843, kule London, bwana Henry Cole hakuwa na wakati wa kuandikia rafiki zake wote barua za Noeli. Akamwomba mchoraji John Callcott Horsley amtengenezee karti. Zilipigwa chapa, nazo ziliuzwa shilingi moja kila moja. Ndiyo inayojulikana kuwa karti ya kwanza ya Noeli iliyouzwa.

Pembeni Horsley alichora watu wanaolisha na kuvika maskini. Lakini katikati alichora jamaa wenye kuinua divai, na mtoto mdogo ananyweshwa. Wale waliopigana na ulevi walichukizwa sana. Yale mema ya pembeni hayakushinda ile ya katikati. Basi tujue: picha inasema mbele ya maneno, na jicho linaanzia kwenye kitu kikubwa.

2. Maulizo matatu mbele ya kuchora

a) Ni nani ataipokea?
b) Mwaka huu amepita katika mambo gani?
c) Tunataka kumwambia neno gani moja?

Tuseme tunataka kumpelekea karti mama mmoja aliyefiwa na bwana yake mwaka huu. Wazo la kwanza linalokuja ni ngoma na watu wanaocheza, sababu ni sikukuu. Lakini karti hii itamwumiza. Ataona kama tumesahau kilio chake. Sasa tukiacha kumwandikia kabisa, itakuwa vibaya zaidi. Neno letu kwake ni hili: "Hauko peke yako." Namna gani neno hili linaonekana kwa macho? Tunaweza kuchora wanawake wawili wanaotwanga katika kinu kimoja. Hakuna machozi pale, hakuna ngoma. Iko mtu wa pili tu, na mchi wake.

3. Michoro midogo

Hapana kutumia karatasi nzuri kwanza. Kata vipande vya kayee ya zamani, chora wazo lako mara sita, kila mchoro mdogo kama sanduku la viberiti. Wanawake wakae katikati, kisha pembeni. Wakae karibu, kisha mbali. Utaona wenyewe: wakisimama mbali, neno letu linapotea. Acha fasi nyeupe kuwazunguka. Karti iliyojaa vitu ni kama watu kumi wanaosema pamoja, hakuna anayesikiwa.

4. Kipimo na vifaa

Kunja karatasi ya sentimetre 21 kwa 29,7 mara mbili. Utapata karti ya 10,5 kwa 14,8. Inaingia vizuri katika bahasha ya 11,4 kwa 16,2. Pima bahasha mbele ya kukata, si nyuma.

Kama rangi ni bei kali, migomba inatosha. Maganda yake makavu yana rangi nyingi: nyeupe-nyeupe, manjano, kahawia, hata karibu nyeusi. Chukua yaliyokauka yenyewe, pangusa kwa kitambaa chenye maji kidogo, kisha yaweke chini ya vitabu vizito mpaka yanyooke na kukauka kabisa. Yakibaki na maji yataota ukungu. Angalia nyuzi zake. Ukikata nguo ya mwanamke, nyuzi ziende toka juu mpaka chini, ndipo itaonekana kama kitambaa kinachoanguka. Kata kwa makasi au wembe.

Gundi tunaipika: unga wa muhogo kijiko kimoja, maji ya baridi nusu kikombe. Koroga kwanza, kisha weka kwenye moto. Ukitupa unga ndani ya maji ya moto utapata madonge tu. Paka nyembamba, sababu gundi nyingi inakunja karatasi. Lalisha karti chini ya vitabu usiku mzima.

5. Maneno ya ndani

Yakuwe machache, na jina lake likuwemo. "Heri ya Noeli na Bonane" peke yake haitoshi kwa mama huyu. Tungeandika: "Mama, Noeli hii tunamkumbuka Baba pamoja nawe. Tutakuja kukusalimia." Lakini ukiandika utakuja, uende kweli. Karti haiwezi kufanya kazi ya miguu.

6. Kuijaribu

Onyesha karti kwa mwenzako, hesabu mpaka tano, kisha ifiche. Umwulize: "Umeona nini?" Akijibu "wanawake wanaosaidiana," kazi imefaulu. Akijibu "majani ya migomba," rudi kwenye michoro midogo.

Zoezi

Chagua mtu mmoja kati ya hawa: mgonjwa aliye hospitalini siku ya Noeli, ndugu aliyekosa kazi, mwanafunzi asiyeweza kurudi kwao kwa likizo. Jibu yale maulizo matatu, chora michoro sita, na ueleze kwa mistari mitatu sababu gani umechagua mmoja. Na kisha zoezi, ile karti itengenezwe na imfikie mwenyewe.