Uso Mwekundu Si Ushahidi Kwamba Krimu Inafanya Kazi

Maswali haya yametoka kwa wasomaji wa Minneapolis, Saint Paul na Brooklyn Park. Ya sabuni ipi inafaa nimeyaweka kando. Nimechagua yanayoninyima usingizi.

Mimi ni mweusi. Daktari anasema nina rozasia. Huo si ugonjwa wa Wazungu?

Hapana. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hujificha; huonekana kama weusi uliokolea au zambarau, na wengi huambiwa wana chunusi. Mweleze daktari unavyojisikia: uso kuwaka, kuchomachoma, vipele visivyo na vichwa vyeusi. Huku kwetu kichocheo kikubwa ni kutoka kwenye baridi kali ya Januari na kuingia ghafla katika nyumba yenye hita. Jua, pombe na pilipili pia vimo. Chai usiiache, iache ipoe.

Uso ukiiva, ndiyo presha imepanda?

Presha hupimwa kwa mashine, haisomwi usoni.

Nikiacha krimu ya kung'arisha, uso unawaka moto. Nikirudia, unatulia. Muuzaji anasema ni sumu inatoka.

Barua za namna hii ni nyingi, za kina dada na za kina kaka, kwa hiyo nawajibu pamoja. Hakuna sumu inayotoka. Anayekuambia hivyo anataka ununue kopo jingine.

Krimu na mikorogo mingi huwa na steroidi kali, hasa klobetasoli, ambayo hapa Marekani hutolewa kwa cheti cha daktari tu. Steroidi hubana mishipa midogo ya damu na kutuliza uvimbe. Ndiyo maana siku za mwanzo chunusi hunywea, uso hung'aa, na watu wanakusifu. Baadaye ngozi hukonda, na mishipa hutegemea dawa ili ijibane. Ukiacha, inatanuka: uso unaiva, unawasha, unatoa vipele. Unakimbilia kopo, unapata nafuu, unaamini krimu ndiyo tiba. Kumbe ndiyo iliyoleta maradhi, na kila ukirudia unaongeza muda wa kupona.

Kupona kupo, ila huchukua wiki, mara nyingi miezi. Daktari wa ngozi ana dawa za kukuvusha. Kama umejipaka mwili mzima kwa muda mrefu, usiache ghafla bila kumwona: steroidi hupenya ngozi na kuzidhoofisha tezi za adrenali, na kuacha kwa kishindo kunaweza kukuangusha kitandani.

Kopo langu halijaandikwa zebaki. Si niko salama?

Mwaka 2011 Idara ya Afya ya Minnesota ilipima bidhaa 27 za kung'arisha ngozi kutoka maduka ya hapa. 11 zilikuwa na zebaki. Kiwango kinachovumiliwa katika vipodozi vya kawaida ni sehemu 1 tu katika milioni. Wenye viwanda vya uchochoroni hawaandiki sumu kwenye lebo. Mwaka 2019 Amazon iliondoa bidhaa kadhaa za aina hiyo baada ya kubanwa na wanaharakati, likiwemo shirika la hapa Minnesota, The BeautyWell Project, lililoanzishwa na Amira Adawe.

Lebo ikitaja "calomel" au "mercurio", au ikikuonya usiguse dhahabu na fedha, acha leo. Zebaki huharibu figo na neva, na hubaki kwenye mito na taulo, hivyo mtoto unayembeba naye huipata. Omba kipimo cha mkojo. Kopo usilitupe jalalani. Lipeleke kituo cha taka hatari cha kaunti yako.

Limau na magadi?

Limau ni la supu.

Mwanangu ana mashavu mekundu kama aliyezabwa kofi.

Mara nyingi ni virusi vya parvo B19, na huisha vyenyewe. Mama mjamzito aliyekaa naye ampigie daktari wake.

Wekundu unavuka pua, viungo vinauma, nimechoka mno.

Usijipake chochote. Omba uchunguzwe lupasi, ambayo huwapata wanawake weusi zaidi ya weupe. Na kama upande mmoja wa uso umevimba, una joto na una homa, nenda hospitali siku hiyohiyo. Midomo ikivimba na pumzi ikibana, piga 911.

Theluji imefunika jua. Mafuta ya kukinga jua ya nini?

Theluji mpya hurudisha hadi asilimia 80 ya miale ya jua inayochoma ngozi. Jipake, na juu yake mafuta ya mgando kabla ya kutoka nje kwenye upepo.

Wasomaji wangu, mkienda kliniki bebeni makopo yote, hata yasiyo na lebo, hata yale mnayowaficha wenzi wenu. Daktari hawezi kutibu krimu asiyoijua, na aibu haijawahi kuponya ngozi ya mtu.