Lijue Jiwe Kabla Hujalilipia

Kabla hujalipia tipa la kokoto, omba upewe mawe matatu manne uende nayo nyumbani. Muuzaji mkweli hatakunyima. Ndimu moja, msumari wa inchi nne, ndoo ya maji na chupa tupu ya plastiki vinatosha kukuambia jiwe hilo lilizaliwaje, na tabia ya jiwe hutokana na lilivyozaliwa: litayanywa maji ya zege au litayaacha, litabeba ghorofa au litafaa kwa njia ya miguu tu. Anayejenga Bunju, Tegeta, Chamazi au Toangoma huweka kwenye msingi akiba ya miaka. Inauma kuona mtu huyo akimwachia dereva wa tipa amchagulie jiwe.

Dar es Salaam kokoto unazokutana nazo zaidi ni za namna mbili. Zipo nyeupe, au za rangi ya maziwa yaliyoganda, kutoka Kunduchi, ambako kwa miaka mingi akina mama wamekaa chini ya maturubai wakigonga mawe kwa nyundo ili watoto wasome. Na zipo za kijivu kilichokolea, zinazopanda malori kutoka Lugoba, upande wa Chalinze mkoani Pwani.

Anza na jeupe. Lioshe, likauke, kisha likwangue kwa msumari mpaka upate unga kidogo. Kamulia tone la ndimu juu ya unga huo na usogeze jicho karibu. Vipovu vidogo vitaanza kupanda pembezoni mwa tone, vichache mwanzoni, halafu vingi; kama unga ni mwingi, tone zima litageuka povu. Hiyo ni hewa ya ukaa inayotoka kwenye jiwe. Jiwe likitoa povu kwa ndimu, basi ni la chokaa. Sasa ligeuzegeuze: utaona vitundu, pengine vinyota vilivyopangwa safu safu, pengine alama ya kombe. Vinyota hivyo vilikuwa nyumba za viumbe hai. Matumbawe yalijenga mwamba huu chini ya maji wakati bahari ilipokuwa juu kuliko ardhi unayokanyaga leo. Maji yaliporudi nyuma, mwamba ukabaki nchi kavu. Maji yakipwa, nenda Coco Beach ukautazame, umejitokeza wazi. Kilima cha Wazo, kule Tegeta, ni cha ukoo huohuo, na kiwanda cha saruji kimekuwa kikikichimba tangu 1966.

Mwamba wa namna hii, uliojengwa na vitu vilivyotua chini na kushikana, ndio wataalamu wanaouita mwamba mashapo. Kwa mjenzi, jambo kubwa ni vile vitundu. Pima jiwe likiwa kavu kwenye mizani ya duka, lilaze kwenye ndoo ya maji usiku kucha, asubuhi lifute na ulipime tena. Jeupe litakuwa limeongezeka uzito waziwazi. Maji hayohayo ndiyo litakayoyanywa kutoka kwenye zege lako, na saruji ikinyimwa maji haikomai. Kwa hiyo kokoto nyeupe zimwagiwe maji jana yake, ziachwe zichuruzike, ndipo zichanganywe. Zitumie kwa sakafu ya chini, njia za nje na zege jepesi. Kwa nguzo, mikanda na sakafu ya ghorofa, mimi ningelipia za Lugoba bila kusita, na bado ningemsikiliza mhandisi.

Lugoba sasa. Osha jiwe la kijivu na ulidondoshee ndimu: kimya. Likitoa povu, usikimbilie kumwita muuzaji mwongo. Huenda lilibebwa kwenye tipa lililotoka kushusha mawe meupe na vumbi limebaki. Lioshe tena. Kisha likwangue kwa msumari. Utaona mstari unaong'aa kama fedha, nawe utadhani umelichana. Upitishie kidole na mstari unafutika. Ni chuma cha msumari ndicho kilicholika. Liinue juani: mistari myeusi na myeupe imepishana, mahali pengine imepinda na kujikunja, na katikati yake vipande vyembamba vya ulanga vinametameta.

Mikunjo hiyo ni kumbukumbu ya mgandamizo. Lugoba iko ndani ya kile ambacho wanajiolojia wanakiita Ukanda wa Msumbiji, uliofanyika mabara ya kale yalipogongana, takriban miaka milioni 650 hadi 550 iliyopita. Miamba iliyokuwapo kabla, mingine granaiti, mingine tope na mchanga wa bahari za kale, ilizikwa kilomita nyingi chini, ikapata joto na kubanwa mpaka madini yake yakajipanga upya bila mwamba kuyeyuka. Huo ni mwamba geu. Tanzanaiti ya Mererani imetoka kwenye ukanda huohuo. Na jiwe la chokaa likipitia mateso ya namna hiyo hugeuka marumaru, ambayo bado ni chokaa ndani. Kwa hiyo anayekuuzia bamba la jiwe kwa meza ya jikoni, mjaribu kwa ndimu kwenye kona: likitoa povu ni marumaru, na kila ndimu utakayokata juu yake itaacha doa lililofifia. Granaiti haijali ndimu.

Joto likizidi pale chini, mwamba huyeyuka, na unapopoa tena unakuwa mwamba moto. Huo hutauchimba Temeke wala Kinondoni. Mawe makubwa ya Mwanza ni granaiti iliyopoa polepole chini ya ardhi, ndiyo maana punje zake unaziona kwa macho. Mawe meusi ya Arusha na Kilimanjaro yalimwagika juu na kupoa haraka, punje zikabaki ndogo mno. Mlima Ol Doinyo Lengai una maajabu yake: lava yake ya kaboneti huwa na nyuzijoto kama 500 hadi 600 tu za Selsiasi, karibu nusu ya joto la lava ya kawaida, na hakuna volkano nyingine hai duniani inayotoa lava ya namna hiyo.

Lakini mwamba moto umo kwenye mchanga wako, hata kama hujui. Punje angavu ngumu kwenye mchanga wa Mbagala ni kwatzi, na nyingi zilianza maisha ndani ya granaiti na miamba geu ya bara. Mvua na jua viliozesha miamba hiyo; madini laini yaligeuka udongo mfinyanzi, kwatzi ikabaki, mito ikavibeba vyote kuelekea pwani. Milima ya Pugu imefanywa na mzigo huo: mchanga ulioshikana, pamoja na udongo mweupe wa kaolini ambao mapango ya machimbo yake ya zamani bado yapo. Leo Pugu nayo inaliwa na maji. Mto Msimbazi unaanzia kwenye vilima hivyo na kushusha mchanga mpaka Jangwani na baharini, ukajiandae kuwa mwamba mwingine.

Unaweza kuona kazi hiyo mezani. Jaza mchanga mpaka nusu ya chupa, ongeza maji na chumvi kidogo, tikisa kwa nguvu, uache saa tatu bila kugusa. Punje kubwa hutua kwanza, laini hufuata, na tope hukaa juu kabisa kama utepe wa kahawia. Safu nyingi za mwamba mashapo duniani zilipangwa kwa sheria hiyo. Nawe chukua rula: tope likizidi sehemu moja kwa kumi ya mchanga, kataa mzigo au dai uoshwe, kwa sababu tope huzuia saruji isishike punje. Ukiona vipande vya kombe ndani ya mchanga, shuku kwamba umetoka ufukweni. Chumvi yake itakula nondo zako ndani kwa ndani, na utajua siku plasta itakapopasuka.

Uliza pia mchanga umechimbwa wapi. Uliochotwa kinyemela kwenye kingo za Mto Mpiji au Msimbazi unatoka chini ya msingi wa nyumba ya mtu. Mto hauleti mchanga kwa kasi ya koleo, na unaozuiwa usifike baharini ni pengo kwenye ufuko; uchimbaji wa mchanga mitoni ni moja ya sababu zinazotajwa za bahari kumega ufuko wa Kunduchi.

Mababu wa pwani hii waliuzungusha mzunguko huu wa miamba, wa jiwe kuvunjika na kuwa jiwe tena, kwa mikono yao. Walichoma matumbawe kwenye tanuri la magogo. Jiwe la chokaa likifika nyuzijoto 900 hivi hutoa hewa ya ukaa na kubaki chokaa kali. Waliizima kwa maji, wakapiga lipu, na lipu ikavuta tena hewa ya ukaa kutoka angani taratibu mpaka ikarudi kuwa jiwe. Kuta za Kilwa Kisiwani na magofu ya msikiti wa Kunduchi yamesimama kwa karne kwa njia hiyo. Ukipaka chokaa nyumbani, usiikaushe kwa pupa: inyunyizie maji siku kadhaa ipate muda wa kuvuta hewa. Na ukiizima chokaa kali mwenyewe, vaa miwani na glavu, watoto wawe mbali, kwani huchemka na kuruka.

Jambo la mwisho linahusu afya. Maji ya mvua yana asidi kidogo, nayo huyeyusha mwamba wa matumbawe na kutoboa mashimo na mianya chini ya Kunduchi, Mbezi Beach na Msasani. Kwenye mchanga wa Chamazi maji ya choo hupenya polepole na kuchujwa kiasi. Kwenye mwamba wa matumbawe hupita kwenye mianya yakiwa vilevile. Mita 30 zinazotajwa mara nyingi kati ya shimo la choo na kisima zisikupe usingizi ukiwa juu ya matumbawe. Jengea shimo la maji taka kuta na sakafu visivyovuja, maji ya kisima yapimwe maabara, na ya kunywa yachemshwe. Fundi akichimba akakuta jiwe jeupe lenye vitundu, msimamishe, na ufanye jaribio la ndimu hapohapo shimoni kabla hajaendelea.