Uchovu wa Mzee Usisingiziwe Umri: Fahamu Ugonjwa wa Milango ya Moyo

Moyo wa binadamu una milango minne, ambayo wataalamu wa tiba huiita valvu. Kazi yake ni kuielekeza damu upande mmoja bila kurudi nyuma. Kwa kuwa moyo hupiga takribani mara 100,000 kwa siku, haishangazi kuona milango hiyo ikichakaa uzeeni.

Uharibifu huo ni wa namna mbili. Mlango huweza kukakamaa na kuwa mwembamba, moyo ukalazimika kusukuma damu kwa nguvu kupita kiasi. Au hushindwa kufunga sawasawa, damu ikavuja kurudi ilikotoka. Kwa baadhi ya wazee, chanzo ni homa ya baridi yabisi iliyowapata utotoni baada ya maambukizi ya koo yasiyotibiwa.

Hatari kubwa ni kwamba ugonjwa huja polepole, na mzee hupunguza shughuli zake bila kutambua sababu. Aliyekuwa akienda shambani bila kupumzika sasa huketi njiani mara mbili, na jamaa husema ni uzee tu. Kuishiwa pumzi, kubanwa kifua, kuvimba miguu, mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio, na hasa kuzirai wakati wa kazi, ni dalili zinazohitaji uchunguzi wa haraka. Mlango uliozibana sana na kuanza kuonesha dalili, usipotibiwa, huweza kusababisha kifo ndani ya miaka michache.

Uchunguzi huanzia katika kituo cha huduma kilicho karibu. Mganga husikiliza kifua, na akisikia mvumo usio wa kawaida, humpa mgonjwa rufaa ya kipimo cha moyo cha mawimbi ya sauti, ambacho hakina maumivu. Dawa hupunguza dalili, lakini haziurekebishi mlango ulioharibika. Huenda mgonjwa akahitaji upasuaji wa kuukarabati au kuubadilisha. Huduma hiyo hutolewa nchini, ikiwemo katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam.

Familia yenye mzee wa miaka 60 na kuendelea asiye na uwezo wa kulipia matibabu ifike kwa mtendaji wa kijiji au kata kuulizia utaratibu wa msamaha. Mzee aliyechoka asikilizwe kifua kwanza, ndipo isemwe kuwa ni umri.