Nyota Ibaki Nyota

Wadogo zangu, kila likikaribia kumi la mwisho la Ramadhani naulizwa swali lilelile: "Dada, nakata nyota nzuri yenye ncha tano, ikitoka kwenye oveni ncha zote zimelala. Nakata mwezi, pembe zake zinapotea. Unga nimepima, moto nimeuangalia. Nakosea wapi?"

Hukosei kwenye oveni, mdogo wangu. Biskuti ya kukata huharibika kabla haijauona moto, na kinachoiharibu mara nyingi ni joto la jikoni mwetu. Siagi huyeyuka ikifika nyuzi joto 32 hadi 35 za Selsiasi. Miaka hii Ramadhani inaangukia kaskazi, na mchana wa Dar, Mombasa au Unguja joto linafika hapohapo. Kwa hiyo ile nyota unayoihamisha kutoka kibaoni kwenda kwenye treya, siagi yake imeshalegea. Ikiingia kwenye moto, siagi inakimbia kabla unga haujapata nafasi ya kukaza, na umbo linakwenda nayo. Vitabu vingi vya mapishi vimeandikwa na watu ambao majiko yao yana baridi. Hawakwambii jambo hili kwa sababu kwao si tatizo.

Nitakupa vipimo kwanza, maana najua wengine mmeshashika kalamu. Siagi gramu 250, sukari iliyosagwa gramu 200, yai moja, unga wa ngano gramu 450, chumvi nusu kijiko cha chai, na iliki uliyoitwanga mwenyewe, kijiko kimoja cha chai kilichojaa. Ukikata biskuti za upana wa sentimita 6 utapata takriban 40. Pima kwa mizani, nakusihi. Kikombe cha kwako si cha kwangu, na unga ulioshindiliwa kikombeni unaweza kuzidi vibaya sana. Tena umefunga, huwezi kuonja wala kurekebisha kwa ulimi. Mizani ndiyo itakayokuonjea.

Umeona sijataja beking poda. Sikusahau. Beking poda kazi yake ni kuvimbisha, na biskuti ikivimba kingo zake hupoteza ukali. Kwenye vileja na keki itie, humu iache. Angalia pia pakiti ya unga: usinunue ule ambao umeshachanganywa na kiumulishi kiwandani, kwa sababu hapo utakuwa umeitia bila kujua. Na kama unatumia majarini badala ya siagi, soma kopo. Yenye mafuta asilimia 80 inafaa. Zile laini za kupaka mkate, zenye mafuta kidogo na maji mengi, biskuti zake hutanuka, kisha hukauka zikawa ngumu.

Changanya siagi na sukari mpaka vishikane tu. Usipige mpaka iwe nyeupe na nyepesi kama unavyofanya kwa keki, kwa sababu hewa utakayoitia hapo itakuja kuvimba ndani ya oveni. Tia yai, tia iliki na chumvi, halafu unga, na mara unga mkavu usipoonekana tena, acha. Usikande. Najua mikono yetu imezoea chapati, ikiona donge inataka kulisukasuka, lakini unga wa ngano ukikandwa hupata mvuto, na mvuto huo ndio unaoifanya biskuti isinyae upande mmoja na kuwa ngumu mdomoni.

Sasa sikiliza hapa vizuri. Wengi wenu mnaweka donge zima kwenye friji, linakuwa gumu, kisha mnapigana nalo kwa mpini wa chapati mpaka lilainike. Likilainika limeshapata joto, na ule ubaridi mliousubiri wote umekwenda bure. Geuza mpangilio. Sukuma kwanza, poza baadaye. Gawa donge mafungu mawili, weka fungu moja katikati ya karatasi mbili za kuokea, na kama huna, chana mfuko safi wa nailoni wa kuwekea chakula. Sukuma likiwa bado laini, halitakusumbua hata kidogo, mpaka unene wa nusu sentimita. Kupata unene ulio sawa, weka rula mbili za mbao kushoto na kulia, mpini upite juu yake. Halafu laza karatasi na vyote vyake juu ya treya, ingiza kwenye friji kwa muda wa saa moja. Ukitoa, unga ni bapa moja gumu. Bonyeza kibati: unausikia unakatika, na nyota inatoka na ncha zake tano zimesimama. Ihamishe kwa kisu bapa, si kwa vidole. Ukimaliza treya nzima, irudishe kwenye friji robo saa nyingine kabla ya kuoka. Hiyo robo saa ya mwisho ndiyo wengi mnairuka, na ndiyo inayolinda umbo.

Kama huna friji, oka baada ya daku. Alfajiri nyumba imepoa, maji yamepoa, hata bati la meza limepoa. Nunua barafu ya mfuko usiku, iweke kwenye beseni, weka sinia juu yake na bapa lako juu ya sinia, funika. Inafanya kazi. Mabaki ya kukatia yakusanye taratibu, uyasukume mara moja tu. Yakisukumwa mara ya tatu biskuti zake hazilingani na za mwanzo kwa ulaini, basi hizo ziwe za watoto wa nyumbani.

Vibati vya kukatia vinauzwa madukani, lakini mimi napenda kwenda kwa fundi bati. Mchoree mwezi unaoutaka kwenye karatasi, mchoree kanzu, birika la kahawa, mlango wa Kizanzibari ukitaka, naye atakukunjia. Nairobi nenda Kamukunji, Dar nenda Gerezani, na karibu kila mji una fundi wake. Mwambie mambo mawili: ukingo wa juu aukunje ili usikukate kiganja, na maungio ayabane kwa kukunja, asiyaunge kwa risasi, maana risasi ni sumu na hiki ni chombo cha chakula.

Kuoka hakuna maneno mengi. Oveni iwe nyuzi 175, imeshawaka robo saa kabla, na biskuti zikae dakika 9 hadi 12. Zitoe kingo zinapoanza tu kupata rangi ya dhahabu, hata kama katikati unaziona laini, zitakaza zikipoa. Anayetumia mkaa, tia mchanga mkavu uliochekechwa kwenye sufuria kubwa, weka vijiwe vitatu, funika uache upate moto kwa dakika 20, halafu ingiza treya ndogo na upalie makaa juu ya mfuniko. Moto wa juu uzidi wa chini, la sivyo migongo itaungua na nyuso zitabaki mbichi. Na kwa jiko lolote, lako au la kuazima, tanguliza biskuti moja peke yake kabla hujaingiza treya nzima. Hiyo itakueleza moto ukoje, na hasara yake ni biskuti moja.

Tuje kwenye aisingi, ambako machozi ni mengi zaidi.

Ute wa mayai mawili, aisingi shuga gramu 350 uliyoichekecha, maji ya ndimu kijiko kimoja cha chai. Bakuli na mwiko wa kupigia vifute kwanza kwa ganda la ndimu, kwa sababu tone moja la mafuta, au kiini kidogo kilichoponyoka, kinatosha kuuzuia ute usipande. Lakini ute mbichi una hatari yake. Unaweza kubeba vijidudu vya salmonela, na biskuti hizi zitaliwa na wajawazito, wazee na watoto wadogo. Mimi nawashauri mtumie ute wa unga uliokaushwa na kutibiwa kwa joto, unauzwa kwenye maduka ya vifaa vya keki. Unaukoroga na maji kama pakiti inavyoelekeza. Bei yake iko juu kidogo, na ninaona inastahili.

Aisingi moja, uzito wa aina mbili. Ya kuchorea mpaka wa umbo iwe nzito: ukiinua mwiko, ncha isimame ikijipinda kidogo. Ya kujazia iwe nyepesi: ongeza maji kijiko kwa kijiko, kisha pitisha kisu juu yake na uhesabu. Mfuo ukijifuta ndani ya sekunde 10 hadi 15, iko tayari. Ukijifuta kabla ya hapo, itamwagika pembeni. Ukichelewa sana, uso hautakuwa laini.

Wakati wa kuchora mpaka, usiburute ncha ya koni juu ya biskuti. Gusa mwanzo wa mstari, kisha inua mkono juu kidogo, sentimita moja au mbili, uzi wa aisingi uning'inie hewani, nawe uulaze taratibu pale unapotaka ulale. Ukifika kwenye ncha ya nyota, shuka, gusa, acha kukamua, anza upya. Mkono unaotetemeka hutetemeka kwa sababu umeshuka chini mno. Jaza katikati mara tu mpaka huo unapoanza kukauka, sukuma aisingi kwenye kona kwa kijiti cha meno, na kila kiputo unachokiona kitoboe papo hapo, maana kikikauka kitaacha shimo.

Rangi tumia za jeli, chache sana. Za maji zitaizimua aisingi yako. Nyekundu, nyeusi na kijani iliyokoza huzidi kukolea zikikaa, kwa hiyo zichanganye usiku wa kuamkia siku ya kupamba na uishie kivuli kimoja kabla ya rangi unayoitaka. Ukizilazimisha zikolee siku hiyohiyo utatia rangi nyingi, biskuti itakuwa chungu na ndimi za wageni zitageuka rangi.

Halafu acha zikauke. Hapa ndipo pwani inapotutesa: hewa yetu imejaa unyevu, na aisingi iliyokauka Arusha kwa saa 8 inaweza kukuhitaji usiku mzima na zaidi Tanga au Lamu. Washa feni, ielekeze kwenye treya kwa upole mara tu unapomaliza kujaza. Uso ukikauka haraka hubaki na mng'ao na rangi hazivujiani. Dirisha la upande wa bahari lifunge. Na nakuomba, usiziingize kwenye friji zikishapambwa. Zikitoka humo zitatoa jasho, nyeupe yote itachafuka kwa nyekundu, na hakuna dawa. Ninyi mnaooka kwa Krismasi, haya yote yanawahusu vilevile, maana Desemba ya pwani nayo ina joto lake.

Kwa hiyo panga siku zako. Mwezi unaweza kuandama jioni ya 29 Ramadhani, basi usijipe matumaini ya siku ya 30. Hesabu kama huna. Unga usukume tarehe 23, bapa lake linaweza kukaa kwenye friji siku mbili au tatu bila neno. Oka 24. Pamba 25 baada ya tarawehe, nyumba imetulia na feni ni yako. Acha zikauke mpaka 26 mchana, uzipange kwenye kopo lisilopitisha hewa, karatasi kati ya safu na safu, jikoni ufunge. Usiku wa 27 uwe huru kwa ibada. Nimewaona wadogo zangu wengi wakiukosa usiku huo kwa sababu ya sukari na rangi, na unaniuma moyo kila ninapouwaza. Biskuti kavu zilizofungwa vizuri zinakaa wiki mbili, hakuna sababu ya kuzikimbiza.

Wale mnaopokea oda, na najua mko wengi maana hii imekuwa ajira ya mabinti wetu, msitoze bei ya vileja. Kileja unakitengeneza na kukioka kwa mkupuo mmoja. Biskuti ya kupambwa unaishika mkononi mara nne au tano moja moja. Andika siagi, mayai, aisingi, rangi, umeme au mkaa, na boksi, halafu andika saa zako na uzipe bei yake, kisha ndiyo utaje jumla. Mteja akiguna, mpunguzie mapambo, usimpunguzie bei: mwezi mweupe wenye nukta za dhahabu unapendeza, na unachukua robo ya muda wa birika lenye nakshi. Malipo ya awali nusu. Oda funga tarehe 20, na siku ya kuja kuchukua mwandikie 28 mchana, umwambie waziwazi kwamba jioni ya 29 simu yako haitapokelewa.

Na sahani za majirani zitenge kabla ya kufunga boksi la kwanza la mteja, zifunike, uziandike majina.