Komoro: mteja wa Gerezani anatoka nchi gani?

Nyuma ya maduka ya jumla ya Gerezani, Dar es Salaam, mfungaji mizigo anakaza kamba juu ya kiroba kilichojaa vitenge, ndoo za plastiki na viatu vya watoto, kisha anaandika kwa kalamu nene: MORONI. Kinachofuata anakiandika MUTSAMUDU. Wauzaji wa Kariakoo wanawajua wateja hawa kwa lafudhi na kwa ugumu wao wa kupatana bei. Nchi yao hawaijui sana, na maswali hayaishi.

Komoro ni mbali?

Ukipima kwa mstari ulionyooka, Moroni, mji mkuu, uko karibu kilomita 700 kutoka Dar es Salaam. Mwanza ni mbali zaidi.

Muungano wa Komoro unatawala visiwa vitatu, Ngazija, Nzwani na Mwali, vilivyopo kati ya kaskazini mwa Msumbiji na Madagascar. Kwa pamoja vina kilomita za mraba 1,860 hivi, eneo lisilofikia la Unguja na Pemba, na wakazi zaidi ya laki nane. Ngazija, kikubwa kuliko vyote, kimetawaliwa na volkano ya Karthala yenye urefu wa mita 2,361, iliyolipuka mara kadhaa kati ya 2005 na 2007. Miamba yake hunyonya mvua yote. Mto wa kudumu hakuna, na watu huvuna maji ya paa. Kwa mtu wa huko simtanki si anasa.

Karibu wote ni Waislamu wa Sunni. Kikomori ni ndugu wa Kiswahili, kwa hiyo mgeni na mwenyeji huelewana nusu nusu. Anayekuja Kariakoo mara kwa mara hujifunza nusu iliyobaki.

Mbona bendera yao ina nyota nne?

Nyota ya nne ni ya kisiwa cha Maore (Mayotte). Katika kura ya Desemba 1974 visiwa vitatu vilichagua uhuru kutoka Ufaransa kwa kishindo, lakini wengi wa Maore wakakataa. Ahmed Abdallah alipotangaza uhuru tarehe 6 Julai 1975, Ufaransa ilibaki na kisiwa hicho, na tangu 2011 ni mkoa wake kamili. Komoro haijawahi kukubali.

Kutoka Nzwani hadi Maore ni kilomita 70 tu za bahari. Viza ilipowekwa mwaka 1995, safari za kwenda kuona ndugu, kutibiwa au kutafuta kazi zikageuka za kificho, kwa boti za uvuvi zinazoitwa kwasa-kwasa. Wengi wamezama humo.

Nani anatawala?

Hapa pana hadithi ndefu, na Dar es Salaam imo ndani yake. Katika miaka ya 1960 chama cha ukombozi cha MOLINACO kiliendesha harakati zake kutoka jijini hapa. Uhuru ulipopatikana, haukumaliza hata mwezi kabla ya mapinduzi ya kwanza, yaliyomng'oa Abdallah. Mwaka 1978 mamluki Mfaransa, Bob Denard, alimrudisha Abdallah madarakani. Abdallah aliuawa mwaka 1989 wakati watu wa Denard ndio wakuu wa ulinzi wake. Mwaka 1995 Denard akaja tena kumpindua Rais Said Mohamed Djohar, na safari hiyo wanajeshi wa Ufaransa wakamkamata. Mapinduzi na majaribio ya mapinduzi yamepita 20.

Mwaka 1997 Nzwani na Mwali vilitangaza kujitenga. Dawa iliyopatikana, katika katiba ya 2001, ilikuwa urais wa zamu: Azali Assoumani wa Ngazija, kisha Ahmed Abdallah Sambi wa Nzwani mwaka 2006, kisha Ikililou Dhoinine wa Mwali mwaka 2011, halafu Azali tena mwaka 2016. Ilikuwa dawa nzuri kuliko wengi walivyotarajia. Kwa hesabu hiyo Nzwani ingepata zamu mwaka 2021, lakini kura ya maoni ya 2018 iliruhusu mihula miwili mfululizo, na Azali akashinda tena 2019 na 2024. Ukikaa na mtu wa Nzwani, usitegemee alizungumzie hilo kwa upole.

Na wanajeshi wa Tanzania? Machi 2008, Jakaya Kikwete akiwa mwenyekiti wa Umoja wa Afrika, JWTZ na majeshi ya Sudan yalishuka Nzwani kumwondoa Mohamed Bacar, kiongozi wa kisiwa aliyeng'ang'ania madaraka. Alikimbilia Maore kwa boti.

Pesa ya kununulia mizigo inatoka wapi?

Shambani inatoka kidogo. Komoro huuza nje vanila, karafuu na mafuta ya mlangilangi yanayotumika katika manukato ya Ulaya. Kuyakeneka mafuta hayo kunakula kuni nyingi, na misitu ya Nzwani imelipa gharama, pamoja na mito yake.

Nguzo halisi ni fedha zinazotumwa na ndugu walioko Ufaransa, hasa Marseille: karibu sehemu ya tano ya pato la taifa. Faranga ya Komoro imefungwa kwenye yuro kwa kiwango cha 491.97, hivyo mfanyabiashara hujua mapema faranga zake zitampa yuro ngapi. Exim Bank ya Tanzania ilianza kazi huko mwaka 2007.

Saruji na vigae wanavyonunua vinajenga nini?

Mara nyingi, nyumba ya binti. Ngazija, familia humjengea binti nyumba na mume ndiye anayehamia. Juu ya hapo kuna anda, ndoa kubwa inayompa mwanamume heshima ya kuzungumza kwenye baraza la mji. Humeza dhahabu, mchele, ng'ombe na akiba ya miaka, na nyingi hufanyika Julai na Agosti, ndugu wa Ufaransa wanapokuja likizo.

Ng'ombe nao wana historia yao. Mwaka 2002 hadi 2004 ndigana kali iliua mifugo mingi ya Ngazija, na watafiti waliihusisha na ng'ombe hai walioingizwa kutoka Tanzania.

Mzigo ukifika huko?

Inategemea kiroba kimeandikwa nini. Mutsamudu, kule Nzwani, ina gati la kina kirefu. Bandari ya Moroni ni ya kina kifupi, meli kubwa hutia nanga nje na shehena kuletwa kwa matishari, kwa hiyo siku na gharama huongezeka. Wakala makini huuliza bandari kwanza, ndipo ataje nauli ya mzigo.