Mbegu za Vitunguu: Zijaribu Jikoni Kabla ya Kitaluni

Mwaka 2023, bei ya vitunguu ilipopanda hadi tukawa tunanunua kimoja kimoja, hapa Burnt Forest kila mwenye kishamba nyuma ya nyumba alikimbilia agroveti kutafuta mbegu. Nami nikakimbilia. Duka nililoingia silitaji, maana bado tunasalimiana. Wao huuza mbegu kwa kijiko: mkebe uko wazi juu ya kabati la kioo linalopigwa na jua asubuhi yote, nawe unafungiwa zako kwenye karatasi isiyo na jina wala tarehe.

"Mama, hizi ni mpya, zimeingia juzi tu," kijana akaniambia.

Nikalipa. Kitaluni sikuzipeleka.

Kilimo cha vitunguu kina hatua zake. Hatua ya kwanza ni hii, na nitakaa hapa, kwa sababu zile nyingine jirani yeyote atakueleza.

Mbegu ya kitunguu haivumilii kuwekwa. Mahindi na maharagwe utayaweka na msimu ujao yataota. Ya kitunguu, ikishamaliza mwaka mmoja kwenye rafu ya duka, nguvu zimeisha, ingawa kwa macho ni nyeusi na ina pembe zake vilevile. Kwa hiyo chukua sahani, tandika tishu, iloweshe, umwage maji yanayozidi. Panga mbegu 50 kwa safu za kumikumi ili kuhesabu kusikusumbue. Funika na sahani nyingine.

Sasa joto. Kwenye nyuzi 20 mbegu ya kitunguu huchomoza kwa siku tano hivi. Kwenye nyuzi 10 inaweza kukaa karibu wiki mbili. Sisi tuko zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari, na usiku wa Agosti hapa unajulikana. Sahani yangu hulala kwenye rafu iliyo juu ya jiko la kuni, mahali ambapo ukiweka kiganja unasikia uvuguvugu tu.

Halafu kuna jambo ambalo vipeperushi vya mbegu havisemi: usijaribu mbegu za duka peke yake. Upande wa pili wa sahani hiyohiyo panga 50 nyingine unazoziamini. Mimi niliomba kwa jirani aliyekuwa amefungua mkebe wake siku hiyo, tarehe ikisomeka. Tishu moja, maji mamoja, jiko moja.

Upande wa jirani ulijaa mikia myeupe, 44. Wa kwangu ulitoa tisa, na zilizobaki zikaanza kuota ukungu wa kijivu.

Niliibeba sahani hadi dukani. "Mama, ni baridi ya huku," kijana akaanza. Nikaizungusha sahani. "Na hizi je, zililala Mombasa?" Mzee aliyekuwa akinunua dawa ya kuogeshea ng'ombe akainama kuhesabu mwenyewe, kwa sauti. Pesa zangu zilirudi zote, mbele ya wateja.

Zikiota 35 au zaidi kati ya 50, sia kama kawaida. Zikiwa nusu, sia maradufu. Chini ya hapo rudisha, na ubebe sahani.

Wapo watakaokuambia ukwaruze kibandiko cha KEPHIS, wakaguzi wa mbegu, utume namba kwa 1393. Ni sawa, fanya hivyo. Lakini mbegu za kijiko hazina kibandiko, na kibandiko chenyewe hakijui mkebe umekaa juani miezi mingapi. Nunua mkebe mdogo uliofungwa. Kwa bustani ya nyumbani mimi naona aina ya Red Creole yatosha: ni kali, na hukaa vizuri baada ya kukaushwa. Jambar F1 na Red Coach F1 waachie wanaouza kwa magunia.

Mengine haraka. Sia mwisho wa Agosti kwenye tuta lililoinuliwa, maana mvua bado ipo. Hamisha miche ikifikia unene wa penseli, isizidi. Minene ikipigwa na baridi hutoa maua, na kitunguu kilichotoa ua hakiwekeki. Sentimita 10 kati ya mche na mche, na usiufukie sana. Mbolea ya CAN uitie mapema, uiache kitunguu kikianza kuvimba, la sivyo utavuna shingo nene zisizokauka. Ng'oa kabla ya mvua za Machi. Kuhusu wadudu waitwao thripsi nitaandika siku nyingine, maana hasira zangu kwao zinatosha makala nzima.

Kama unasoma haya Aprili, usihangaike na vitunguu sasa. Panda sukuma, ungoje Agosti.